Maswali Yenu: Tumbo Linasumbua, Choo Hakieleweki, na Kila Mtu Anaambiwa ni Taifodi

Toleo lililopita niligusia taifodi kwa aya moja tu na tangu hapo meseji hazijakoma, nyingi zinatoka huku kwetu, Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma, na karibu zote zinaanza vilevile: tumbo linasumbua, nimemeza dawa, halijaisha. Nimechagua sita, nimezifupisha kidogo na majina nimeyaacha nje. Na kabla mtu hajaniuliza, hapana, siwezi kukuambia kwa meseji una ugonjwa gani, ninachoweza ni kukuonyesha ya kufikiria na ya kuuliza ukifika kwa daktari aliye mbele yako.

Habari daktari. Mimi ni mama mboga hapa Nyalenda, miaka 34. Tumbo yangu inanisumbua tangu mwaka jana, inakata hapa chini upande wa kushoto alafu inafura mpaka jioni sketi inanibana. Kuna siku naenda choo mara nne asubuhi mbio mbio, alafu nakaa siku tatu sijaenda na ikitoka ni vigololi vigololi. Nikishaenda naskia nafuu. Kila nikipimwa wanasema ni taifodi, napewa antibayotiki, naskia afadhali kama wiki moja alafu inarudi. Sina homa, mwili haujapungua. Sasa hii taifodi ni ya aina gani haiishi?

Mama, pole sana, na hilo swali lako la mwisho ningependa kila mtu anayebeba karatasi ya lebu mfukoni ajiulize.

Taifodi ya kweli ni ugonjwa wa homa. Homa inapanda siku baada ya siku, kichwa kinauma, mwili unaisha nguvu, chakula hakipiti, tumbo linaweza kuuma na choo kinaweza kufunga au ukahara, lakini homa iko. Mtu hawezi kukaa na taifodi mwaka mzima bila homa na bado anaamka alfajiri kwenda soko la Kibuye kuchukua mboga. Kile kipimo cha damu cha haraka ambacho wengi wanafanyiwa kinaitwa Widal, kiko tangu 1896, na hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza. Kinga hiyo inaweza kubaki baada ya ugonjwa kuisha, inaweza kutokea ukiwa na kitu kingine kabisa hata malaria, na sehemu kama zetu ambako watu wengi wamewahi kukutana na huyo mdudu, jibu la Widal moja peke yake linaweza kukupeleka njia isiyofaa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile cha kuotesha damu maabara kwa siku kadhaa waone kama mdudu atamea, na damu inafaa itolewe kabla hujameza antibayotiki. (Sisemi taifodi haiko. Iko, na ndiyo maana mwaka 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 mpaka miaka 14. Nasema tu yako haifanani nayo.)

Ile nafuu ya wiki moja pia isikudanganye. Tumbo la aina hii hupanda na kushuka lenyewe, na antibayotiki inapopiga bakteria wa utumboni gesi inaweza kupungua kidogo, alafu wanarudi, na saa zingine dawa zenyewe ndizo zinakuachia kuhara. Kesho ukibadilisha kemisti utaambiwa ni amiba. Amiba nayo iko, lakini kuna amiba mbili ambazo kwa darubini huwezi kuzitofautisha, moja inakula ukuta wa utumbo na kuleta choo cha damu na makamasi, nyingine inaishi tu humo ndani haina maneno na wewe. Kwa hivyo mtu ameandikiwa "amiba ++", hana damu, hana chochote, na anameza Flagyl, dawa ya amiba, kila mwezi. Hizo dawa si peremende.

Sasa mimi nafikiria nini. Maumivu yanayopungua ukienda choo, choo kinachobadilika mara kigumu mara majimaji, tumbo kufura jioni, hakuna homa, hakuna damu, uzito uko palepale: hapo madaktari hufikiria kitu wanaita IBS. Utumbo wenyewe hauna kidonda, ukipimwa unaonekana mzima, ila mwendo wake umevurugika na neva zake zinaskia maumivu kupita kiasi. Maumivu ni ya kweli, sio ya kichwani, na nimechoka kuskia wamama wakiambiwa "huna kitu". Kipimo wanachotumia wataalamu ni hiki: maumivu angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3 iliyopita, shida yenyewe iwe ilianza si chini ya miezi 6 nyuma, na iende pamoja na kubadilika kwa choo. Wewe umetimiza. Lakini kabla ya kukubali hilo jina ningetaka choo chako kipimwe vizuri kwa darubini, tena waambie waangalie na kichocho, damu yako ipimwe kiwango, upime HIV kama hujapima karibuni, na kwa vile ni mwanamke anayefura kila siku, upigwe skani ya nyonga, maana fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, na uvimbe wa ovari huweza kujificha kwa jina la gesi.

Hujasema chochote kuhusu choo cha sokoni, lakini wamama wengi wa soko wananiambia kitu kimoja, wanabana. Haja inakuja saa tatu wateja wako mbele, choo cha kulipia kiko mbali na hakitamaniki, basi anaibana mpaka jioni, na kila ukiibana choo kinazidi kunyonywa maji na kukauka, mwishowe utumbo unazoea kunyamaza. Amka dakika ishirini mapema, kunywa kitu cha moto, kaa chooni bila simu. Mwendo wa utumbo huwa na nguvu baada ya kula asubuhi, tumia hiyo nafasi.

Jambo lingine ni maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika hawana tena uwezo mzuri wa kusaga sukari ya maziwa, na sisi chai yetu ni maziwa nusu, tunakunywa vikombe vitatu tukishangaa gesi inatoka wapi. Acha maziwa wiki mbili, hata ya chai, alafu rudisha uone. Maziwa lala wengi huyavumilia kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari. Angalia pia vitunguu vingi, kabeji, maharagwe na mandazi au chapati kila siku. Maharagwe loweka usiku na ile maji umwage. Lakini tafadhali usiache vyote siku moja ukabaki na ugali na chumvi, toa kimoja kimoja, andika kwa daftari ulikula nini na choo kilikuwaje, wiki mbili tu zinatosha kuonyesha mchezo. Ukienda kwa daktari na hilo daftari atakusaidia haraka kuliko ukienda na bahasha ya Widal za zamani. Dawa za kutuliza mkazo wa utumbo zipo na atakuchagulia.

Daktari mambo. Mimi huosha magari kando ya ziwa hapa Kisumu, niko na miaka 26. Tumbo inauma uma, saa zingine nahara na naona damu kidogo na kamasi, nachoka sana. Kuna mtu ameniambia ni kichocho lakini mkojo wangu ni safi na maji ya ziwa mimi sinywi.

Kaka, huyo mtu anaweza kuwa amepatia. Kichocho ni zaidi ya kimoja. Ile ya kukojoa damu tunaihusisha sana na Pwani, hii yetu ya ziwani inakaa kwa mishipa ya damu ya utumbo, mkojo unakuwa safi kabisa. Na haiingii kwa kunywa, inaingia kwa ngozi. Konokono wadogo walio kando ya maji wanatoa vijidudu, zaidi jua likianza kuwa kali mpaka saa sita hivi, vinapenya mguu wako dakika chache tu na wewe unaendelea kusugua matairi. Vikikomaa vinakuwa minyoo wanaotaga mayai, mayai mengine yanatoboa ukuta wa utumbo kutoka, ndio hiyo damu na kamasi, mengine yanakwama kwa ini. Ukikaa nayo miaka mingi ini linapata makovu, tumbo linajaa maji, na kuna wanaofika hospitali wakitapika damu.

Waosha magari wa Kisumu wanajulikana mpaka kwa majarida makubwa ya udaktari, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao waliwafuatilia kwa miaka, na utafiti wao ukachapishwa 2002. Kilichoonekana ni kwamba watu wakitibiwa wanarudi majini wanaambukizwa tena, wengine baada ya kutibiwa mara nyingi wanaanza kujenga kinga, na walio na HIV ambao kinga imeshuka hawafanikiwi hivyo.

Peleka choo kipimwe mayai, na kama cha kwanza hakionyeshi kitu peleka siku nyingine, mayai hayatoki kila siku kwa wingi. Dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wako, kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, unameza ukiwa umekula. Watoto wa shule hupewa kwa kampeni, nyinyi watu wazima mnasahaulika kwa hivyo jiendee mwenyewe. Inaua minyoo wakubwa, wadogo inawaacha, ndio maana daktari anaweza kukurudishia baada ya wiki kadhaa. Na mwambie kuhusu hiyo damu hata kama mayai hayajaonekana, amiba ile mbaya na magonjwa mengine ya utumbo pia huleta hivyo.

Kazi sitakuambia uache, utakula nini. Gambuti ndefu zinasaidia. Kinachosaidia zaidi, kama mko kikundi, ni tangi: mkichota maji ya ziwa mkayaacha siku mbili bila konokono ndani, vile vijidudu vinakufa vyenyewe, alafu mnaosha magari na hayo mkiwa nchi kavu.

Daktari, Baba yangu ana miaka 57, tuko Njoro. Tangu Krismasi choo yake imebadilika, inatoka nyembamba, anaenda anarudi anaenda tena anasema haijaisha. Mara mbili mama ameona damu. Mshipi ametoboa matundu mengine mawili. Yeye anasema ni bawasiri na kuna mitishamba ananunua stage. Tukimwambia hospitali anasema hawezi kuingizwa kidole na mtoto wa juzi.

Dada, hii ndiyo nimesoma nikarudia. Sitasema ni kansa kwa sababu sijui, lakini mtu wa umri huo ambaye choo kimebadilika kwa wiki nyingi, anaona damu, anaskia haijaisha hata akitoka, na anakonda, haongojeshwi. Wiki hii au ijayo, si baada ya mavuno.

Bawasiri inaweza kutoa damu, nyekundu, mara nyingi mwishoni, inadondoka bila maumivu. Lakini bawasiri haimkondeshi mtu mpaka atoboe mshipi. Na hata kama anayo kweli, haizuii kitu kingine kukaa juu yake, watu wengi wamechelewa kwa sababu walikuwa na jibu tayari. Mitishamba ya kusafisha tumbo nayo, nyingi ina shubiri au sena, inalazimisha utumbo kukaza, kwa hivyo choo kinazidi kuvurugika na hamwezi kujua tena kipi kinatoka wapi.

Hicho kidole anachokiogopa kinachukua chini ya dakika, na uvimbe mwingi wa mwisho wa utumbo unafikiwa nacho. Ana haki ya kuomba daktari mwanaume, ana haki ya kuomba mtu mzima, mwambieni hivyo. Na msimtume mtoto kumwambia, mtafuteni rika lake, mtu wa kanisa au wa chama cha maziwa, wazee wanaskizana. Baada ya hapo wapime kiwango cha damu, kwa sababu mwanaume akikosa damu bila sababu lazima utumbo uangaliwe, alafu kolonoskopi, ile kamera ndefu. Anakunywa dawa ya kuosha tumbo siku moja kabla (hiyo ndiyo sehemu mbaya, ataishi chooni), akifika anapewa dawa ya kumlegeza usingizini. Hospitali kubwa za rufaa zinafanya, Moi kule Eldoret ikiwemo. Hakikisheni SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, iko sawa kabla hamjatoka nyumbani.

Na nyinyi watoto mskize. Wakimpata na kitu, mnafaa kuanza kuchunguzwa mkiwa na miaka 40, au miaka 10 chini ya umri aliogunduliwa nao, yoyote inayotangulia. Wengine wasio na historia kwa familia, wataalamu wengi siku hizi wanasema 45. Nyingi ya hizi kansa huanza na kinyama kidogo kinachokaa miaka kabla ya kugeuka, na kikionekana kwa kamera kinakatwa hapohapo.

Niko kwa boda Nakuru. Tumbo inachoma hapa juu chini ya kifua, zaidi nikiwa na njaa usiku. Mgongo pia huniuma sana kwa hii kazi, nameza Brufen kila siku ama nachomwa diklofenaki.

Umejijibu nusu. Hizo dawa za maumivu zikizoeleka zinachubua tumbo, na ukiongeza mdudu anaitwa H. pylori ambaye watu wengi wanaye, unapata vidonda. Acha kwanza hizo dawa, mgongo utafutiwe njia nyingine, na uombe kipimo cha H. pylori cha choo, sio kile cha damu ambacho kinaweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha. Akipatikana unatibiwa na antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi siku 14, na uzimalize. Choo kikitoka cheusi ti, kinanata na kinanuka vibaya, egesha pikipiki uende hospitali siku hiyo hiyo, hiyo ni damu imepitia tumboni.

Mimi ni mjamzito miezi mitano, Kakamega. Choo imekuwa nyeusi na ngumu, nimesoma ati nyeusi ni damu, sijalala.

Lala, mama. Uko kwa vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, sivyo? Madini ya chuma hugeuza choo kikawa cheusi au kijani kizito na kukifanya kigumu. Ile ya damu huwa laini, inanata, na harufu yake huwezi kuisahau. Usiviache vidonge, kunywa maji zaidi, mrenda na papai vitakusaidia, na mwambie nesi uonekane kliniki ijayo. Ukiskia kizunguzungu au tumbo likaanza kukaza usingoje hiyo kliniki.

Daktari, mjomba wangu huku Bungoma tumbo ilifura ghafla ikawa ngumu, hakuenda choo wala kutoa hewa siku mbili, akaanza kutapika. Hospitali wakasema utumbo umejikunja, wakaingiza paipu nyuma, hewa ikatoka ikaisha. Karuhusiwa. Watu wa nyumbani wanasema amefanyiwa kitu. Inaweza kurudi?

Inaweza, na ndiyo maana nimeiweka hapa badala ya kukujibu faraghani.

Hakuna aliyemfanyia kitu. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kwa watu wengine ni ndefu na inaning'inia, siku moja inajizungusha kama hosi ya maji iliyopindana, choo hakipiti, hewa haipiti, inajaa. Kwa Afrika tunaiona sana kwa wanaume. Ikikaa imejikunja damu nayo inakatika, kipande cha utumbo kinakufa, na hapo maisha yake yako hatarini. Kwa hivyo yeyote ambaye tumbo limefura, hatoi hata hewa, anatapika, usimpe dawa ya kuharisha, usimpige enema ya nyumbani, tafuta gari. Sawa na maumivu yanayoanza kitovuni yakahamia chini kulia, au tumbo linalokuwa gumu na hataki kuguswa, au mwanamke aliyekosa hedhi akashikwa na tumbo la ghafla upande mmoja akazimia. Hizo si za kungoja asubuhi.

Sasa kuhusu mjomba. Ile paipu ilitoa hewa na kuufungua, haikuondoa kile kipande kirefu, na wengi wanaofanyiwa hivyo tu hujikunja tena. Kawaida mgonjwa hupangiwa upasuaji wa kukata hicho kipande akiwa ametulia, kabla hajarudi kwa dharura ambapo hatari ni kubwa zaidi. Angalieni ile karatasi ya kuruhusiwa kama kuna tarehe ya kliniki ya upasuaji. Kama haiko, rudini nayo mkaulize daktari wa upasuaji moja kwa moja: huu utumbo utakatwa lini, na kama hautakatwa, kwa nini.